Kadi Iliyolala kwa Mama Yake

Mbele ya dirisha la dawa la hospitali kubwa, saa tatu asubuhi, watu walikuwa wamebanana kama njiti ndani ya kiberiti, na kila njiti ilikuwa tayari kuwaka. Mtoto analia huku, mzee anakohoa kule, na nyuma ya kioo mtoa dawa anaita namba kwa sauti ya mtu aliyegombana na kifungua kinywa.

Katikati ya msukosuko huo alisimama fundi seremala mmoja, mrefu, mwenye ovaroli ya buluu iliyoganda gundi magotini na penseli iliyochomekwa sikioni. Alikuja kuchukua kapsuli za mama yake. Watu walimwita Bawaba, kwa sababu mdomo wake hufunguka na kufungwa kutwa nzima, tena kwa kelele.

Mbele yake alikuwa dada wa gauni la kijani lenye kola nyeupe. Nywele zake zilisukwa mistari ya kurudi nyuma, imenyooka kama iliyopigwa kwa rula. Mkononi alishika chupa ndogo ya dawa ya macho, na kwapani alibana boksi la viatu lililofungwa kwa uzi.

Uzi ukakatika.

Sijui kama umewahi kuona kadi mia tatu zikimwagika sakafuni mbele ya miguu mia moja. Zilitawanyika mpaka chini ya mabenchi.

"Jamani msikanyage! Nawaomba, msikanyage!"

Sauti ile haikuwa ya mtu aliyeangusha karatasi. Ungedhani mtoto wake amedondoka barabarani. Bawaba akapiga magoti bila kufikiri, akaanza kutambaa katikati ya viatu vya watu, "samahani mama, inua kisigino, asante, na cha pili," mpaka akazikusanya zote.

"Pole dada. Hizi hapa. Na nimekupangia kabisa."

"Umezipanga?"

"Safi juu, chafu chini. Zilizokunjika kona nimeziweka pembeni zipumzike."

Dada akalitazama bunda lile, kisha akamtazama yeye, kisha akatazama dari, kama vile huko juu kuna mtu wa kumshtakia. Machozi yakamjaa.

"Kaka, hizo zilikuwa siku nne za kazi."

"Si karatasi tu?"

"Ni maneno! Kila kadi neno moja, na kila neno lina mahali pake. Tumebakiwa na mwezi mmoja, mjomba wangu macho yanakwenda, na wewe umenipangia maneno kwa usafi!"

Mtu mwingine angeomba radhi akaondoka. Bawaba alikuna kichwa kwa ile penseli yake.

"Basi kosa si langu. Kosa ni la hilo boksi. Maneno ya watu yanabebwaje kwenye nyumba ya viatu? Mimi ni seremala, dada. Nitakutengenezea kasha ambalo hata ukiliangusha toka ghorofani, maneno yatatoka yamepanga mstari."

Dada hakutaka kucheka. Kicheko kikamponyoka kupitia puani, akajifuta macho kwa haraka.

"Unaweza kutengeneza makasha arobaini?"

"Kwa ajili yako?"

"Kwa ajili ya ofisi."

"Aaa. Basi naweza, ila kwa huzuni."

*

Ofisi ya kamusi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Chumba kimoja kirefu, madirisha matatu, meza mbili, na kabati la droo lililofunika ukuta mzima. Kwa miaka thelathini na mmoja, mjomba wa yule dada alikuwa mhariri hapo. Alivaa shati jeupe lililofungwa kifungo cha juu kabisa, na miwani minene kama vitako vya glasi. Mpwa wake alimfanyia kazi tangu alipomaliza shule. Kwa sababu alijua kila kadi ilipolala, mjomba alimwita Fahirisi, na jina likamshika.

Sasa barua ilikuwa imekuja: ofisi inafungwa mwisho wa mwezi, kadi zote zipelekwe stoo ya serikali ndani ya makasha. Barua haikusema mhariri apelekwe wapi.

Bawaba akahamia pale na randa, msumeno, drili na mdomo wake. Alipigia kazi kwenye veranda, lakini kila baada ya dakika kumi alikuwa na sababu ya kuingia ndani kupima.

"Umeshapima droo hiyo mara tatu," Fahirisi alimwambia.

"Mbao hubadilika."

"Droo ni ya chuma."

"Na mimi ndiyo maana nahangaika."

Siku moja Bawaba alimkuta mzee ameishika kadi karibu na pua, akiichunguza kwa shida. Mara akaichana vipande viwili, akavitupa kapuni.

"Mzee, imekukosea nini?"

"Neno limekataliwa. Hakuna mtu hai anayelisema."

"Na hapo kwenye droo hamuandiki kwamba limekataliwa?"

"Fundi, neno likikataliwa, kadi inaondoka. Linabaki pengo. Hatuandiki barua ya pole."

Bawaba alicheka mpaka akashika meza. Nakuomba ukikumbuke kicheko hicho, kwa sababu baadaye kilimtokea puani.

Wiki ya pili, saa ya chai, Fahirisi alikalia kasha la ishirini na tatu, vikombe viwili mkononi. Bawaba alikuwa anatoboa matundu ya bawaba kwa drili.

"Unajua unachotengeneza kina mama?"

"Kila kitu kina mama, mpenzi."

"Nani mpenzi wako? Sikiliza. Capsa. Ni Kilatini. Limetokana na neno la kushika, kukamata. Capsa lilikuwa kasha la mviringo. Enzi hizo vitabu vilikunjwa kama mkeka, basi vinasimamishwa humo. Mtoto wa tajiri akienda shule, hagusi kitu. Mtumwa wake ndiye anayembebea capsa, na mtumwa huyo aliitwa capsarius. Jina hilohilo walipewa watu waliolinda nguo za waogaji kwenye mabafu, na askari waliobeba kasha la bandeji vitani."

Drili ikanguruma, ikanyamaza. "Kwa hiyo mimi ni kapsarius wako."

"Wewe ni kelele. Basi, capsa likazaa. Wareno wakaliita caixa, wakatuletea, nasi tukasema kasha. Mtoto wake mdogo, capsula, kikasha, ndiyo hiyo kapsuli ya mama yako. Kwingine likawa kasha la kutilia pesa, na huko ndiko alikotokea keshia. Hata kaseti ni mjukuu wake."

"Dada yangu ni keshia. Nitamwambia ana ndugu Ulaya."

"Na ndiyo maana," Fahirisi akaendelea, akionyesha kabati dogo nyuma ya mlango, "mjomba hayaweki maneno kama haya pamoja na wenzao wa herufi moja. Neno lililotoka mbali analilaza kwa mama yake, mule kwenye kabati la koo za maneno. Kasha ukilitaka, usilitafute penye K. Litafute kwa capsa. Umeelewa?"

Drili ilikuwa inanguruma tena. Bawaba akatikisa kichwa kwa nguvu zote. Ukimtazama ungeapa ameelewa.

*

Siku ya kasha la arobaini, Bawaba alijigonga kidole kwa nyundo. Alikuwa ameishi miaka ishirini na tisa bila Fahirisi na hakuona tabu, na sasa hakujua Jumatatu itapitaje. Akachukua kadi tupu, akaandika kwa ile penseli ya sikioni, akaiweka mezani kwa Fahirisi na kutoka nje kama aliyeiba.

*Kasha. Maana: kitu nilichokitengeneza mara arobaini ili nikuone mara arobaini. Mfano wa matumizi: Makasha yamekwisha na mimi nimekwisha. Je, utakubali nikuoe?*

Fahirisi akatoka verandani dakika kumi baadaye. Uso ulikuwa umemwiva, lakini macho yalikuwa na kitu kingine, kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa na anaogopa kuimwaga.

"Maandishi yako mabaya."

"Moyo ulikuwa unasukuma mkono."

Akatazama nyuma, mlangoni. Mjomba alikuwa ameketi kimya, uso ameuelekeza dirishani.

"Hapa hatujibu neno kwa mdomo," alinong'ona. "Kesho Alhamisi nampeleka mjomba hospitali. Jibu utalikuta kwenye kadi yake, mahali pake. Lisome kabla hujapigilia misumari. Uniahidi."

"Naahidi. Hata kwa kuapa mbele ya magodoro yote ya chini."

Hakucheka. Akamgusa mkono, kidole kile kilichogongwa, akarudi ndani.

*

Alhamisi Bawaba alifika amevaa shati jipya la mistari chini ya ovaroli. Ofisi ilikuwa tupu. Akaenda moja kwa moja kwenye droo ya K. Vidole vikapita juu ya kadi, kwa haraka, kisha polepole. Akamkuta kasa, yule mnyama wa baharini mwenye gamba. Akakuta kasia. Katikati yao hapakuwa na kadi ya kasha.

Palikuwa na pengo.

Akarudia. Akatoa droo nzima, akaipeleka dirishani, akapekua kadi mojamoja akilamba kidole. Akaangalia chini ya kabati, akaangalia kapuni. Mwisho akakaa sakafuni, droo mapajani.

*Neno likikataliwa, kadi inaondoka. Hatuandiki barua ya pole.*

Kumbe ndivyo watu wa kamusi wanavyosema hapana! Hawakusemi vibaya, hawakupi sababu. Wanakutoa tu, kimya, na mahali pako panabaki wazi. Na kweli, binti anayejua mama wa kila neno angemtaka fundi wa nini?

Alihamisha kadi zote kwenye makasha. Droo za ukutani kwanza, kisha kabati dogo nyuma ya mlango, ambalo kadi zake zilitosha kasha moja tu, la arobaini. Hakuzitazama. Alifunika vifuniko, akapigilia misumari, na la arobaini akalipigilia mara mbili ya mengine. Jirani wa duka la magodoro alipanda kuuliza kama kuna mtu anabomoa nyumba.

Saa nane mchana lori la serikali likabeba makasha yote. Jibu la Fahirisi lilikuwa ndani ya kasha la arobaini, na aliyelipigilia ni mwenyewe.

*

Ijumaa simu ya Bawaba ililia. Aliitazama mpaka ikakaribia kukata.

"Haloo."

"Bawaba." Sauti ya Fahirisi ilikuwa nyembamba. "Umeliona?"

"Nimeliona."

"Na... umelielewa?"

"Limeeleweka. Halihitaji shule."

"Sasa unasemaje?"

"Niseme nini tena, dada? Kazi imekwisha. Makasha yameondoka."

Aliitwa dada. Kwa mwezi mzima hakuwa dada. Fahirisi akashika ukingo wa meza.

"Na kuhusu mjomba? Huna hata neno moja kuhusu mjomba?"

Bawaba akashangaa mjomba anaingiaje, lakini hakuuliza. "Mpe salamu zangu," akasema.

Simu ikakatwa. Bawaba akaona ameaga kiume. Fahirisi kwa upande wake aliona mwanamume aliyeambiwa habari za mzee kipofu, akamtumia salamu.

Hata hivyo Jumamosi alfajiri alifunga mizigo, akamvisha mjomba shati jeupe, akafunga kifungo cha juu. Wakakaa kwenye mabegi, mlango wazi, wakitazama barabara. Yaani alitazama mmoja. Mwingine alisikiliza.

"Kuna mkokoteni unapita," mjomba alisema saa mbili.

"Ni wa muuza mkaa."

"Mwingine huo," akasema saa tatu na nusu.

"Wa maji, mjomba."

Saa nne iligonga. Saa tano gari la binti wa mjomba likaja kutoka mji mwingine, na huyo binti akateremka akisema ana haraka, na vitabu vibaki, nyumba yake si maktaba. Fahirisi akafuta namba ya Bawaba, halafu akagundua kwamba anaikumbuka kwa kichwa.

*

Wiki tatu Bawaba hakufanya utani, na mtaa mzima ukaogopa. Alitengeneza kiti, kikatoka na miguu miwili mirefu na miwili mifupi. Mara tatu alipanda ghorofani kutazama chumba tupu. Mara ya tatu alikuta kimejaa magodoro.

Jumapili moja mchana alikwenda kwa mama yake. Dada yake alikuwa amerudi kutoka kazini, bado amevaa sare ya keshia, beji kifuani, miguu kwenye beseni la maji.

"Unanuka huzuni," dada yake alimwambia. "Oga basi, huenda ikatoka."

"Niache."

"Nikuache? Umekaa hapo kama kitanda kilichokosa chaga!"

Mama alikuwa anasikiliza redio yake ya zamani ambayo hakuna mtu aliyethubutu kuigusa. "Mwanangu, igeuze hiyo kaseti upande wa pili. Halafu uniletee kapsuli zangu. Ziko kwenye kasha."

Bawaba akageuza kaseti. Akafungua kasha. Akatoa kapsuli. Akageuka, na mbele yake alikuwa dada yake keshia.

Akasimama hapohapo, kapsuli kiganjani.

Wote walikuwepo. Ukoo mzima ulikuwa umekusanyika chumbani kwa mama yake kama wanaosubiri posa. Na masikioni mwake, kupitia mngurumo wa drili, sauti ikamjia kwa kuchelewa wiki tano: *neno lililotoka mbali analilaza kwa mama yake. Kasha ukilitaka, usilitafute penye K.*

"Mama yangu!" akapiga ukelele.

"Nipo, kelele za nini?"

"Si wewe, mama! Yule mwingine!"

Akatoka mbio. Kapsuli alikuwa nazo mkononi; ilibidi arudi kuzileta, kisha akatoka mbio tena.

*

Mtunza stoo wa serikali alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya sufu na shada la funguo. Alimpokea Jumatatu saa mbili kamili, kwa sababu Jumapili ile Bawaba alikaa getini hadi usiku akimsihi mlinzi.

"Makasha ya kamusi? Mazuri sana hayo. Tumeamua kutilia makopo ya rangi."

"Na kadi?"

"Zile takataka? Tumezimwaga kwenye magunia. Gari la kiwanda cha karatasi linakuja saa sita."

Bawaba akatazama huku na huku. "Zote mmemwaga?"

"Zote, isipokuwa kasha moja. Limekataa kufunguka. Nani alipiga misumari ile? Mtu mwenye kichaa?"

"Mimi."

Lilikuwa pembeni, peke yake, limejaa alama za bisibisi. Lilikuwa la arobaini. Bawaba akachomoa nyundo, akageuza upande wa kucha, akang'oa misumari yake mwenyewe mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulilia. Vidole vikapita juu ya kadi: Ca. Cap. Capsa.

Kadi ilikuwa safi, maandishi yamenyooka kama nywele zake.

*CAPSA. Kasha la kushikia kitu kisipotee. Watoto: kasha, kapsuli, keshia, kaseti. Mfano wa matumizi: Jibu langu ni ndiyo. Lakini mimi ni kasha lenye mtu ndani. Mjomba haoni tena, tangu Jumatatu; amenikataza kusema. Bintiye anataka kumchukua, na najua atamweka kama kiti kibovu. Nikija kwako, naja naye. Kama pana nafasi ya wawili, njoo Jumamosi kabla ya saa nne na mkokoteni wako. Usipokuja nitaelewa, wala sitakulaumu. Lakini njoo.*

Bawaba aliisoma mpaka neno la mwisho. Akakaa juu ya gunia, akaweka uso ndani ya mikono yenye gundi, na mabega yakaanza kutikisika. *Mpe salamu zangu.* Alisema hivyo. Kwa mdomo huuhuu!

"Kuna mtu amekufa?" mtunza stoo aliuliza, kofia mkononi.

"Bado. Kaka, wewe unataka makasha, sivyo? Chukua makasha. Mimi nipe takataka."

*

Simu ya kwanza haikupokelewa. Ya pili, ya tano, ya kumi na moja. Ya kumi na mbili ilipokelewa na binti wa mjomba: "Huyo anafua. Na simu hii si ya kuchezea." Ikakatwa.

Jioni, kabla jua halijazama, simu ikalia yenyewe.

"Nani anayenisumbua?" Alikuwa ananong'ona. Maji yalikuwa yanatiririka nyuma yake.

"Ni mimi."

"Sauti naijua. Nauliza ni nani, kwa sababu yule niliyemjua mimi alikufa Jumamosi saa nne."

"Fahirisi, nilitafuta penye K."

Maji yakafungwa.

"Ulitafuta wapi?"

"Penye K. Kati ya kasa na kasia. Nikakuta pengo. Mjomba alisema likikataliwa linaondoka, hamuandiki barua ya pole. Nikajua nimetolewa."

"Lakini... nilikueleza! Siku ile ya chai, nikakuonyesha hadi kabati! Ulitikisa kichwa!"

"Nilitikisa."

"Sasa ulikuwa husikii?"

"Nilikuwa naangalia mdomo wako."

Halafu sauti ikatoka upande wa pili ambayo Bawaba hakujua kama ni kilio au kicheko, na nadhani hata mwenyewe hakujua.

"Wiki tatu," alisema alipopata pumzi. "Wiki tatu nimekuchukia kwa bidii, mjinga wewe! Mjomba amewekwa kwenye chumba cha mafagio. Haongei. Ananiuliza tu kama ni asubuhi. Mimi nimechoka, nimechoka mpaka... Kelele gani hizo?"

"Ukuta."

"Ukuta gani?"

"Uliokuwa kati ya chumba changu na stoo ya mbao. Kadi inasema nafasi ya wawili. Kwangu palikuwa na ya mmoja na nusu. Nashika simu kwa bega, nyundo kwa mkono."

"Bawaba..."

"Siitwi hivyo. Niite lile jingine."

"Kapsarius," alisema taratibu, na sauti ikamkatika.

Mlango ukagongwa huko, kisha ikasikika sauti kavu ya mzee: "Ni yule fundi? Nipe."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kadi zangu ziko wapi?"

"Ziko kwangu, mzee. Kwenye magunia." Bawaba akameza mate. "Zimechanganyika."

"Kwa kiasi gani?"

"Zote. Isipokuwa kasha la arobaini."

Bawaba akaiweka nyundo chini.

"Umezipanga?" mzee akauliza.

"Hapana mzee! Sijathubutu kugusa hata moja."

"Afadhali," akasema, na Fahirisi alimwona akinyoosha mgongo kwa mara ya kwanza tangu wafike nyumba ile. Akapapasa shingoni, akafunga kifungo cha juu.

*

Jumamosi, kabla ya saa nne, mkokoteni uliingia mtaani kwa Bawaba ukitoka stendi ya mabasi, ukisukumwa na mwanamume mwenye shati la mistari. Juu yake, kwenye mabegi, alikalishwa mzee wa shati jeupe, amenyooka kama anayekagua gwaride. Pembeni alitembea dada wa gauni la kijani. Gauni lilikuwa limepauka kwa sabuni za watu, na mikono yake ilikuwa imechubuka. Kila hatua kumi Bawaba alimtazama kuhakikisha bado yupo, na mara mbili aligonga ukingo wa barabara.

"Tazama mbele, utamuua mjomba wangu."

"Mbele nimeshakuona."

Chumba kilinukia mbao mpya. Kitanda, meza, kamba iliyokazwa ukutani ya kumwongoza mzee hadi bafuni, na kwenye kona, magunia kumi na tisa. Juu yao lilikaa kasha moja. Mtunza stoo alikuwa amekubali kuliachia.

Fahirisi akasukuma mlango. Ukalia ng'iiii mpaka akaziba sikio.

"Fundi mzima! Mlango mpya, bawaba zinapiga kelele hivi? Huna mafuta?"

"Ninayo."

"Sasa?"

Bawaba akainamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza maishani alitafuta neno. "Nimeziacha zilie. Ili mzee ajue mtu anaingia. Asije akashtukizwa tena na mtu chumbani mwake."

Mzee akapapasa ubao, akaushika mlango, akaufunga. Akaufungua. Akaufunga tena, sikio ameliinamisha, kama alivyokuwa akipima neno kabla ya kuliandikia kadi. Fahirisi alikuwa amegeukia ukutani, akijifuta macho kwa ile kola nyeupe.

"Usizitie mafuta kamwe," mzee akasema. Kisha akatafuta kiti kwa mkono, akaketi, akapiga meza kwa kiganja. "Haya. Kazi ya miaka kumi hiyo. Leteni gunia la kwanza. Fahirisi utasoma, fundi utapanga. Na wewe, safari hii sikiliza."

"Nasikiliza, mzee," akajibu Bawaba, akiangalia mdomo wa Fahirisi.